Kobe Aliyenyimwa Jua

Kila jioni, jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima vya Tumati, Joakimu aliingiza ndama wake ndani. Aliwaingiza mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Ndama wachanga hawakulala zizini na ng'ombe wakubwa. Walilala ndani ya nyumba, upande wa kushoto, karibu na joto la jiko. Ndivyo alivyofanya baba yake, na babu yake pia. Baridi ya Mbulu haimwonei huruma ndama mchanga, na fisi naye ni hivyo hivyo.

Akishafunga ndama, Joakimu aliinama kwenye kona yenye giza, chini ya rafu ya vyombo. Hapo palikuwa na ndoo pana ya plastiki. Ndani ya ndoo alikuwemo kobe wa maji, mdogo, wa ukubwa wa kisahani cha chai. Jina lake lilikuwa Diwani.

"Umeshindaje, Diwani?" aliuliza.

Diwani alikunja shingo pembeni na kuficha kichwa chini ya ukingo wa gamba.

Jina hilo alipewa na Monica, binti wa pekee wa Joakimu. "Anatoa kichwa siku moja, anakificha miezi mitatu," Monica alisema siku ile. "Kama diwani wetu." Joakimu alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini hiyo ilikuwa zamani. Sasa ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 2003, na nyumba ilikuwa kimya. Mama yake Monica alifariki miaka sita iliyopita. Mwezi wa kwanza Monica naye aliondoka. Alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni Babati, makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara. Katika shule yao ya msingi, msichana aliyechaguliwa alikuwa yeye peke yake.

Siku ya kuondoka, Monica hakumwambia baba yake maneno mengi. Alikaza mkanda wa sanduku, akapanda basi, akatoa kichwa dirishani.

"Baba, nitunzie Diwani," alisema. "Nikirudi mwezi wa sita nimkute."

Joakimu aliahidi. Tangu siku hiyo, kila alipomwona kobe, alimwona mtoto wake.

Wala hakuwa mvivu wa kutunza. Mvua za mwezi wa tatu zilipozidi na upepo ukawa mkali, alimhurumia Diwani. Wakati wa Monica, kobe aliishi nje, nyuma ya jiko, kwenye nusu ya pipa lililokatwa. Ndani ya pipa Monica aliweka gogo lenye kuvu. Joakimu aliona ule ni uchafu wa watoto. Alilitupa gogo. Akamhamishia kobe kwenye ndoo safi, akamwingiza ndani pamoja na ndama. Kila asubuhi alimwekea ugali laini na maziwa ya vuguvugu kidogo. Kijiji kizima kilimjua Joakimu kwa ndama. Miaka minane hakuwahi kufiwa na ndama hata mmoja. Kama aliweza ndama, angeshindwaje na kobe?

Lakini Diwani alianza kubadilika. Kwanza aliacha kuogelea. Kisha aliacha kula. Macho yake yalivimba, akawa hawezi kuyafumbua. Jioni moja Joakimu alimshika, akahisi ukingo wa gamba unabonyea chini ya kidole, kama ukucha uliolowekwa kwenye maji. Akamrudisha majini taratibu.

Wiki hiyo hiyo barua ilifika. Barua zao zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi. Joakimu alijifunza kusoma ukubwani, kwa hiyo alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole.

"Baba yangu mpendwa, shikamoo. Mimi ni mzima. Nimeshazoea bweni. Chakula ni maharage kila siku. Je, Diwani hajambo? Bado anapanda juu ya gogo asubuhi? Usiku nikikosa usingizi namfikiria yeye na wewe."

Joakimu alikunja barua. Alikaa kitambo mbele ya jiko. Mwishowe alichukua kalamu, akaandika: "Diwani hajambo sana. Anakula vizuri. Wewe soma tu."

Alipolamba bahasha, gundi ilikuwa chungu kuliko siku zote.

Asubuhi yake Konsolata, dada yake mdogo, alikuja kuomba jembe. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Njoo umwone huyu."

Konsolata alichungulia ndoo, akaziba pua. "Ananuka. Kaka, wenzako wanafuga ng'ombe wa kisasa. Wewe unafuga jiwe, na jiwe lenyewe linaumwa."

"Usinitanie leo."

Konsolata alimtazama kaka yake usoni, akaacha kucheka. "Umemwambia Monica?"

Joakimu aliinama kuchochea moto.

"Hujamwambia," alisema Konsolata. "Basi mwite yule mtaalamu wa mifugo. Kesho anakuja kuchanja ng'ombe kwa jirani yako Lukasi."

"Nimwite daktari wa ng'ombe kwa ajili ya kobe? Watu watanicheka."

"Wameshaanza kucheka. Mwite tu."

Zulfa, mtaalamu wa mifugo wa kata, alifika kesho yake kwa pikipiki. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Dongobesh. Alivaa buti za mpira, na chini ya kofia ngumu alijifunga ushungi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari."

"Mimi siyo daktari, baba. Ni mtaalamu tu."

"Anayetibu ng'ombe wangu ni daktari," alisema Joakimu. "Karibu ndani. Lakini leo siyo ng'ombe."

Alimwonyesha ndoo. Zulfa hakucheka. Aliinua kobe kwa mikono miwili, akamtoa mlangoni penye mwanga. Alimtazama macho. Akabonyeza gamba taratibu.

"Anakaa wapi?" aliuliza.

"Hapa ndani, na ndama. Nimemkinga na baridi, na upepo, na jua."

"Na jua pia?"

"Ndama mchanga hatumwachi juani."

"Baba, huyu siyo ndama," alisema Zulfa kwa upole. "Ng'ombe anatengeneza joto ndani ya mwili wake. Ndama ukimpa maziwa na mahali pakavu, joto analitengeneza mwenyewe. Kobe hawezi. Yeye joto analitafuta nje, kwenye jua. Asipolipata, tumbo lake linalala. Hata akila, chakula hakisagiki."

"Lakini yuko karibu na jiko."

"Jiko lina moshi. Na jua lina kazi nyingine ambayo moto hauiwezi. Mwanga wa jua ukimpiga, mwili wake unatengeneza vitamini D. Vitamini hiyo ndiyo inayopeleka madini ya chokaa kwenye gamba na mifupa. Bila jua, gamba linalainika. Ndiyo haya tunayoyaona."

Konsolata alikuwa amesimama mlangoni na jembe begani. "Basi tumweke pale dirishani kwenye kioo," alisema. "Jua linaingia."

"Kioo kinazuia ule mwanga unaotakiwa, mama. Ni lazima jua limpige moja kwa moja."

Joakimu alikaa kwenye kigoda. Alijiona mzee ghafla. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyemuumiza," alisema.

"Umemtunza kwa namna unayoijua. Ungekuwa mvivu angeshakufa zamani. Anakula nini?"

"Ugali. Na maziwa."

Zulfa alitikisa kichwa. "Maziwa yanaharibu maji, na ugali haumsaidii. Bwawani anakula nyama. Mpe minyoo ya ardhini, panzi, na dagaa wazima na mifupa yao. Dagaa waliotiwa chumvi waloweke kwanza, umwage maji. Maganda ya mayai yasage, unyunyize kidogo. Zamani alikaa wapi?"

"Nje, nyuma ya jiko. Monica alimwekea gogo kwenye maji. Nililitupa."

"Gogo lilikuwa kitanda chake," alisema Zulfa. "Kobe wa maji hataki maji matupu. Anahitaji mahali pakavu pa kupanda, aote jua mpaka gamba likauke. Hii ndoo ina kuta laini. Hata akitaka kupanda, atapanda wapi?"

Kisha alinyoosha kidole juu, kwenye rafu. "Na vyombo vya chakula viko juu yake. Kobe anabeba vijidudu vya kuharisha. Yeye havimdhuru, sisi vinatudhuru. Mhamishe mbali na jiko. Maji yake usiyamwage karibu na kisima wala vyombo. Ukimshika, nawa kwa sabuni. Watoto wa jirani wakimshika, wanawe pia."

Naye alinawa pale pale, huku Joakimu akimmiminia maji.

"Atapona?" Joakimu aliuliza.

Zulfa alifuta mikono polepole. "Sijui, baba. Kobe tulifundishwa siku moja tu chuoni. Bahati nzuri siku hiyo nilikaa mbele. Macho nitayapatia dawa, nitaileta kesho. Mengine ni jua, chakula na maji safi. Tutaona." Alichukua kofia yake. "Mlimpata wapi?"

"Dirma, kule Hanang. Bwawa la kunyweshea lilikuwa linakauka. Monica alimtoa kwenye matope, katikati ya kwato za ng'ombe."

"Wanyama wa porini wana sheria yao. Nenda kwa afisa wanyamapori wilayani, umweleze. Na msichukue mwingine."

Joakimu alikubali. Alhamisi alikwenda Mbulu mjini, akaeleza habari yote, akaandikishwa.

Kazi yenyewe aliianza siku ile ile Zulfa alipoondoka. Alilitoa pipa la zamani nyuma ya jiko, akaliosha. Alilipeleka upande wa mashariki wa nyumba, ambapo jua la asubuhi hupiga bila kizuizi. Alilizamisha kidogo ardhini lisipinduke. Gogo hakuliona tena, lilikwisha kuchomwa. Alikwenda korongoni, akachagua mawe mapana yenye uso wa kukwaruza. Aliyapanga ngazi kwa ngazi, yakaanzia chini ya maji na kupanda taratibu mpaka juu. Jiwe la mwisho lilikuwa bapa na kavu. Aliyatikisa moja moja, lisije likamwangukia.

Upande mmoja aliweka kipande cha ubao kiwe kivuli. Zulfa alimwonya: jua likizidi, kobe naye anaungua. Lazima awe na pa kukimbilia. Juu alifunika kwa wavu wa waya kwa ajili ya kunguru na mbwa. Maji ya chemchemi ni baridi kama barafu, kwa hiyo aliyaacha kwanza juani mpaka yapoteze ubaridi. Jioni alimrudisha Diwani ndani, kwenye beseni lake peke yake, kwenye chumba cha magunia.

Siku ya tano macho yalifumbuka. Siku ya saba Diwani alikula mnyoo. Joakimu alisimama peke yake uani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Lakini kobe hakupanda jiwe. Alikaa chini kabisa ya maji, kwenye kivuli cha ubao. Wiki ya kwanza ikapita hivyo. Wiki ya pili ikaanza. Gamba lilikuwa bado linabonyea.

Joakimu alizidisha bidii. Alileta kigoda chake kando ya pipa. Alikaa hapo kuanzia saa tatu asubuhi. Aliinama, akamwita. Alimnyanyua na kumweka juu ya jiwe kwa mkono wake. Kila mara Diwani alijitupa majini, chubwi. Alimweka tena. Chubwi. Mahindi yalisongwa na magugu. Konsolata alipita akasema, "Kaka, jiwe linalinda jiwe." Joakimu hakumsikia. Hesabu ilikuwa moja kichwani mwake: zilibaki wiki tano kufika mwezi wa sita.

Zulfa alirudi kuangalia ndama. Akamkuta amejikunja juu ya pipa.

"Hapandi," alisema Joakimu. "Nimefanya yote. Nipo naye kutwa nzima, na hapandi."

"Kutwa nzima?"

"Siondoki. Hata chai nanywea hapa."

Zulfa alichuchumaa karibu naye. Alinyoosha mkono juu ya pipa. Kivuli cha mkono kilipita juu ya maji, na Diwani akazama.

"Umeona, baba? Kule bwawani, kinachomjia kutoka juu ni mwewe au yule ndege korongo. Hajui kama wewe ni Joakimu unayempenda. Anaona kivuli kikubwa kimemwinamia."

"Mimi nakaa ili asiwe mpweke."

"Hana upweke. Ana woga." Zulfa alisema hivyo bila kukemea. "Umemwekea jua, jiwe na chakula. Sehemu yako umeimaliza. Iliyobaki ni yake. Nenda shambani."

"Na akipata shida?"

"Wavu upo. Mchungulie kwa mbali, ukiwa kule kwenye ua wa ng'ombe. Usimsogelee mpaka saa sita."

Joakimu alibeba kigoda. Kilikuwa chepesi, lakini alikibeba kama gunia la mahindi. Kesho yake alimweka Diwani kwenye pipa, akafunika wavu, akaenda shambani bila kugeuka nyuma. Alilima mistari mitatu. Mistari yote ilipinda. Mara nne alisimama, mara nne akainama tena.

Siku hiyo Diwani hakupanda, wala iliyofuata. Siku ya tatu, karibu saa nne, Joakimu alipitia nyuma ya ua wa ng'ombe na kutazama katikati ya miti ya ua.

Juu ya jiwe bapa palikuwa na kitu cheusi. Diwani alikuwa ametoka majini. Shingo yake ilikuwa ndefu, ndefu kuliko Joakimu alivyowahi kuiona. Miguu ya nyuma aliinyoosha, na vidole vyake vilikuwa wazi juani. Maji yalikuwa yamekauka mgongoni. Macho alikuwa ameyafumba, siyo kwa ugonjwa sasa.

Joakimu hakusogea. Alishika mti wa ua kwa mikono yote miwili. Alitamani kumwita mtu, na jina lililomjia mdomoni lilikuwa moja tu. Alilimeza, kwa sababu hata sauti ingemrudisha kobe majini.

Jioni hiyo aliandika barua, maneno machache lakini kwa muda mrefu.

"Mwanangu Monica. Nilikudanganya. Diwani aliugua sana, na kosa lilikuwa langu. Nilimficha jua. Nilitupa gogo lako. Sasa ameanza kupanda jiwe. Gamba bado ni laini. Sijui kama atapona. Ukinikasirikia ni haki yako. Baba yako, Joakimu."

Majibu yalichukua siku kumi na mbili. Joakimu alifungua bahasha pale pale ofisini kwa mwalimu mkuu, akiwa amesimama.

"Baba, sikukasirika. Nililia kidogo, lakini sikukasirika. Na mimi nilikudanganya. Niliandika kwamba nimezoea bweni. Sijazoea. Jumapili wenzangu wakitembelewa, mimi najificha kwenye bafu. Nilifikiri nikikuambia, utakuja kunichukua."

Joakimu alisoma mstari wa mwisho mara mbili. Ni kweli, angekwenda. Usiku ule alifunga nauli kwenye kitambaa na kuweka viatu mlangoni. Asubuhi aliamka, akaviona. Basi la Babati hupita Dongobesh saa mbili. Alimtoa Diwani kwanza, akamweka kwenye pipa, akafunika wavu. Akasimama hapo kidogo. Kisha akavirudisha viatu chini ya kitanda, akaenda shambani.

Aliporudi aliandika: "Mwanangu, kaa usome. Usijifiche bafuni, kaa na wenzako hata kama unalia. Mimi nipo. Mwezi wa sita nitakuja kukupokea Dongobesh."

Alikwenda kumpokea. Monica aliteremka kwenye basi akiwa mrefu zaidi, na kola ya shati la shule ilimbana. Alisema shikamoo kwa sauti ambayo Joakimu hakuifahamu vizuri. Njia nzima alibeba mwenyewe sanduku lake. Hakuuliza habari za Diwani. Joakimu alijua anaogopa kuuliza.

Walifika nyumbani saa tano. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza, lakini anga lilikuwa wazi na jua lilijaa uani. Monica alitua sanduku, akataka kukimbilia nyuma ya nyumba. Joakimu alimshika mkono.

"Siyo huko. Pitia huku."

Alimpeleka nyuma ya ua wa ng'ombe. Alimwonyesha kwa kidole mahali pa kutazama.

Diwani alikuwa juu ya jiwe bapa. Shingo ilikuwa nje, miguu imenyooka. Gamba liling'aa, na ukingo wake ulikuwa mgumu kama kokwa. Alikuwa amekua.

"Nikamshike," Monica alinong'ona.

"Ukisogea ataondoka. Saa sita akishuka mwenyewe, utamlisha. Utanawa kwa sabuni."

"Na sasa?"

"Sasa tunamwacha."

Monica aliegemea mti wa ua. Alipumua kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Umezoea bweni?" Joakimu aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kidogo. Sasa nalia Jumapili moja moja." Alitabasamu bila kumtazama baba yake. "Kuna msichana wa kutoka Katesh, tunalia wote. Tukimaliza tunacheka. Tarehe saba mwezi ujao nikirudi shule, nitamchukulia mahindi."

"Tarehe saba," alisema Joakimu. "Sawa."

Monica aliendelea kutazama jiwe. Joakimu hakulitazama tena. Alimtazama mtoto wake kwa pembeni, bila kugeuza kichwa, na hakusogea.